Saa Inayojua Kosa Lake

Jioni ya tarehe 25 Februari 1991, kombora la Scud lililorushwa kutoka Iraki liliangukia ghala lililokuwa limegeuzwa bweni la wanajeshi wa Marekani mjini Dhahran, Saudi Arabia. Walikufa 28, na karibu 100 wakajeruhiwa. Hapo hapo Dhahran palikuwa na mtambo wa Patriot, uliowekwa kwa kazi ya kuyatungua makombora ya aina hiyo. Siku hiyo haukurusha kitu.

Mwaka uliofuata wakaguzi wa Bunge la Marekani walitoa ripoti, na chanzo walichokitaja kilikuwa saa. Kompyuta ya Patriot ilihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, kisha ikaizidisha hesabu hiyo kwa 0.1 ili kupata sekunde. Kwa mkono wa binadamu hesabu hii ni nyepesi. Kwa kompyuta, inayohesabu kwa sifuri na moja tu, 0.1 ni namba isiyokwisha, kama theluthi inavyokuwa kwetu: 0.333 na kuendelea. Nafasi ilikuwa ya biti 24, kwa hiyo mkia ulikatwa. Kilichopotea kila mpigo hakikufika hata sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde. Lakini mtambo ulikuwa umewashwa kwa zaidi ya saa 100 mfululizo, na kufikia hapo upotevu ulikuwa sekunde 0.34. Kombora linalokwenda zaidi ya kilomita moja na nusu kwa sekunde halisubiri. Rada ililitafuta mita 687 kando ya mahali lilipopaswa kuonekana, haikuona kitu, ikahesabu kwamba hakuna kitu.

Ukigeuza kosa lile kuwa mwendo, saa ya Dhahran ilikuwa inachelewa kwa chini ya sehemu moja kwa milioni. Saa uliyoifunga mkononi, msomaji, hata kama uliinunua kwa bei ya kuumiza, huenda inakosea mara kadhaa zaidi ya hapo.

Mimi nasomea shahada ya uzamili, na tasnifu yangu inahusu saa za vipima tetemeko. Habari ya Dhahran niliikuta nikitafuta jibu la swali linaloonekana dogo: kompyuta inapowashwa, kabla haijauliza mtu yeyote saa ngapi, inajuaje kama saa yake inakimbia au inachelewa? Swali hilo lina historia ndefu kuliko kompyuta zenyewe.

Sisi tuliolelewa na saa za Kiswahili tunaweza kulielewa upesi. Babu yangu mzaa mama alikuwa na saa ya ukutani aliyoitega Kiswahili: saa moja asubuhi mshale ulikuwa kwenye moja, wala si kwenye saba. Saa ya shule ilikuwa mbele ya saa ya babu kwa saa sita kamili, mchana na usiku, miaka yote, na hakuna aliyewahi kukosa basi kwa sababu hiyo. Tofauti inayojulikana na isiyobadilika haina neno. Unaitoa, unaendelea na safari yako. Saa ya kuogopa ni ile inayopoteza dakika mbili kila siku bila mtu kujua, kwa maana leo imekosea dakika mbili, Jumapili ijayo kumi na nne, na hata ukiirekebisha asubuhi hii, kesho imeanza tena. Ya kwanza nitaiita tofauti. Ya pili ni mwendo; wahandisi huita masafa. Kurekebisha tofauti ni kazi ya sekunde moja. Mwendo lazima uusomee.

Mabaharia walilijua hili mapema, kwa sababu kwao lilikuwa suala la kufa na kupona. Dunia huzunguka nyuzi 15 kila saa, kwa hiyo ukijua saa ya bandari ulikotoka na saa ya mahali ulipo, unajua umesafiri kiasi gani mashariki au magharibi. Sekunde nne za kosa ni maili moja ya baharini ukiwa kwenye Ikweta. Mwaka 1714 Uingereza ilitunga sheria ya kumpa hadi pauni 20,000 atakayepata njia ya uhakika ya kupima longitudo baharini. John Harrison, fundi seremala aliyejifunza saa mwenyewe, alitumia karibu maisha yake yote kwenye kazi hiyo.

Saa yake ya nne ilipandishwa kwenye meli Deptford mwezi Novemba 1761, chini ya uangalizi wa mwanawe William, ikafika Jamaica Januari 1762. Vitabu vya shule hupenda kusema ilikosea sekunde tano tu. Ni kweli, lakini si vile unavyofikiri. Ukiusoma uso wa saa ile kama ulivyo, ilikuwa nyuma kwa zaidi ya dakika tatu na nusu, kosa la zaidi ya kilomita 90 pale Jamaica. Kilichoiokoa ni kwamba mwendo wake ulipimwa kabla ya safari: ilikuwa ikipoteza sekunde 24 kila siku tisa. Zidisha kwa siku 81 na saa tano, ondoa, kinabaki kama sekunde tano. Bodi iliyosimamia zawadi haikuridhika na jaribio lile na ikataka safari nyingine, na Harrison alizeeka akidai fedha zake. Hayo yana vitabu vyake. Mimi kinachonishika ni hesabu yenyewe. Sekunde 24 kwa siku tisa ni kama sehemu 31 kwa milioni, na hicho ni kiwango cha kawaida kabisa cha kosa kwa saa iliyomo ndani ya kompyuta ya leo. Saa ya Harrison haikuwa kamilifu. Ilikuwa saa yenye kosa linalojulikana, tena lisilobadilika-badilika.

Na mwendo unaweza kubadilika kwa kuteleza mara moja. Mwaka 1866 David Livingstone aliondoka Zanzibar, akashuka pwani ya kusini karibu na Ruvuma, akaingia bara. Mwanzoni mwa 1867, katika nchi ambayo leo ni Zambia, mpagazi aliyebeba kronomita aliteleza akaanguka nazo. Saa hazikufa, ziliendelea kugonga, na hapo ndipo palipokuwa na hatari, maana sasa zilikuwa na mwendo mwingine na Livingstone aliendelea kuzihesabia kwa mwendo wa zamani. Longitudo alizoandika baada ya hapo zilihama takriban maili 20. Wasimulizi huutaja mkasa huo kwa kumhurumia mzungu na ramani zake. Mimi humfikiria zaidi yule mpagazi kwenye matope ya masika, na sanduku kichwani ambalo hakuna aliyemweleza kwamba ndani yake mna mashariki na magharibi.

Karne moja na zaidi baadaye, tatizo lile lile lilirudi, safari hii kwenye nyaya. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mhandisi wa Kimarekani David Mills, akiwa katika kampuni ya setilaiti ya COMSAT, alianza kuzifanya kompyuta zilizo mbali kukubaliana saa. Mills alizaliwa 1938 na ugonjwa wa macho, presha ya jicho, na uoni wake ulikuwa hafifu maisha yake yote hadi ukaisha. Kompyuta alizotumia zilikuwa ndogo, na programu yake aliipa jina la utani Fuzzball. Mashine hizo ndizo zilizobeba uti wa mgongo wa mtandao wa NSFNET ulipoanza 1986. Baadhi ya kompyuta za wakati huo zilipata saa kwa kuhesabu mawimbi ya umeme wa ukutani, 60 kwa sekunde. Umeme ukielemewa na mzigo, mawimbi hupungua kidogo na saa zote za eneo zima huchelewa pamoja. Usidhani haya ni ya zamani: mapema 2018, kwa sababu ya mgogoro wa umeme kati ya Kosovo na Serbia, saa za majiko na za kando ya vitanda katika nchi nyingi za Ulaya zilibaki nyuma kwa karibu dakika sita.

Septemba 1985 Mills alitoa nyaraka tatu mfululizo, RFC 956 hadi 958, katika mkusanyo wa hadharani ambamo wahandisi wa intaneti huandika kanuni zao. Ya tatu ilikuwa itifaki ya NTP, ambayo hadi leo ndiyo inayoipa saa sehemu kubwa ya dunia. Wazo lake la msingi ni la kistaarabu. Kompyuta yako inauliza seva "saa ngapi?" na kuandika muda iliouliza. Seva inaandika muda swali lilipofika na muda jibu lilipotoka. Wewe unaandika muda jibu lilipokufikia. Kwa namba hizo nne unakadiria safari ilichukua muda gani na saa yako inatofautiana na ya seva kwa kiasi gani, ukichukulia kwamba kwenda na kurudi ni sawa. Mtu yeyote anayetumia intaneti ya simu kijijini anajua kwenda na kurudi si sawa, lakini tuyaache hayo.

Namba nne hukupa tofauti. Hazikupi mwendo. Matoleo yaliyofuata, kuanzia RFC 1059 ya Julai 1988, yalieleza namna ya kuudhibiti mwendo pia, kwa kitanzi kinachojirekebisha. Mshika usukani wa jahazi angekielewa bila hesabu. Mkondo ukikusukuma kusini, hutoshi kurudi kwenye mstari kila unapogundua umetoka; utakesha ukirudi. Unauegemeza usukani kidogo kaskazini na kuuacha hapo, na kila baada ya muda unaangalia kama umeuegemeza vya kutosha. Kiasi hicho cha kuegemeza ndicho programu ya Mills inachokitafuta, na ikishakipata hukiandika kwenye faili.

Faili hiyo nimeipenda kuliko sehemu nyingine yoyote ya programu. Kwa kawaida huitwa ntp.drift. Ukiifungua unakuta namba moja tu, labda yenye alama ya kutoa mbele yake, inayosema saa ya mashine hii inakosea sehemu ngapi kwa milioni. Huandikwa upya kila saa moja. Umeme ukikatika na kurudi, programu huisoma kwanza na kuanza safari ikiwa tayari imeegemeza usukani. Ni ile ile namba ya Harrison, ya sekunde 24 kwa siku tisa.

Na kama faili haipo? Mashine ni mpya, au kadi ya kumbukumbu imeharibika. Hapa toleo la nne la programu lina utaratibu ambao mwanzoni ulinishangaza: kwa takriban dakika 15 huingia katika hali maalumu ya kuusoma mwendo moja kwa moja, na ikishaupata ndipo huanza kazi ya kawaida. Dakika 15 ni nyingi kwa mtu anayesubiri, na ni chache kwa kazi yenyewe. Fanya hesabu. Tuseme mtandao wako unayumbisha kila kipimo kwa milisekunde 10, jambo la kawaida kabisa kwetu. Ukipima mara mbili kwa kupishana sekunde 900, kuyumba huko pekee kunaweza kuuhamisha mwendo kwa sehemu 11 kwa milioni, karibu sekunde nzima kwa siku. Ukitaka sehemu moja kwa milioni, lazima usubiri sekunde 10,000, karibu saa tatu. Hakuna ujanja wa kuukwepa ukweli huo. Ukiharakisha, unapima kelele za mtandao na kuziita tabia ya saa.

Programu ya Mills ina mipaka yake iliyoandikwa: tofauti ikizidi milisekunde 128, saa huruka badala ya kusogezwa taratibu, ikizidi sekunde 1,000, programu hugoma na kujizima, mwendo ukipita sehemu 500 kwa milioni, haiufuati tena. Shida ilijificha chini ya mpaka wa kwanza. Mashine ikiamka na tofauti ya, tuseme, milisekunde 80, ambayo ni tofauti tu, kitanzi kiliweza kuifasiri kwa sehemu kama kosa la mwendo. Kikaegemeza usukani bila mkondo kuwapo, kikapitiliza, kikaanza kurudi, na saa ikapepesuka kwa masaa kabla ya kutulia.

Kisha Linux ikaongeza mkasa wake. Katika kompyuta nyingi mapigo huhesabiwa ndani ya kichakato, na mfumo unapowaka hulazimika kwanza kukadiria mapigo hayo ni mangapi kwa sekunde. Kwa miaka kadhaa makadirio hayo yalifanywa haraka haraka wakati wa kuwaka, na kila ukiwasha upya yalitoka tofauti kidogo. Unaona balaa lake? Faili ya mwendo inakumbuka tabia ya saa, lakini kila asubuhi mashine inaamka na saa nyingine, kama mpagazi wa Livingstone ameteleza tena usiku. Kristali ni ile ile, ila rula inayoipima imebadilika. Mwaka 2011 kiini cha Linux kilirekebishwa ili kiendelee kupima taratibu hata baada ya mashine kuwaka, na faili ikarudishiwa maana yake.

Njia nyingine ilikuwa kuacha kitanzi kabisa. Richard Curnow wa Uingereza aliandika programu ya chrony miaka ya 1990 kwa ajili ya kompyuta zinazopata mtandao kwa vipindi, enzi za kupiga simu ili kuingia intaneti. Chrony hutunza vipimo vilivyopita na kuvipitishia mstari ulionyooka: mteremko wa mstari ni mwendo, mahali ulipo sasa ni tofauti. Kwa kuwa inavitenganisha viwili hivyo tangu mwanzo, hutulia upesi zaidi. Mwaka 2014 Red Hat waliifanya kuwa chaguo la kawaida katika toleo la saba la mfumo wao. Nadhani Curnow aliliona jambo ambalo Mills, aliyezungukwa na mitandao isiyolala, hakulazimika kulipa uzito: kwa mashine nyingi duniani kukatikiwa ndiyo hali ya kawaida.

Kwangu ndiyo hali ya kawaida. Vituo vinne ninavyovitumia viko ukingoni mwa Bonde la Ufa, kaskazini mwa Tanzania. Kila kimoja ni kipima tetemeko cha bei nafuu chenye kompyuta ndogo, paneli ya sola na laini ya simu, na saa yake huipata mtandaoni kupitia laini hiyo. Mawimbi ya kwanza ya tetemeko hupita kwenye mwamba kwa kama kilomita sita kwa sekunde. Kwa hiyo nusu sekunde ya kosa kwenye saa ya kituo kimoja inaweza kulihamisha tetemeko kilomita tatu, kulitoa chini ya mlima wa volkano na kulipeleka kwenye ufa ulio kando yake. Watu wanaishi pande zote mbili, na hatari zao si moja.

Vituo viwili viliishiwa bando wiki moja, na siku ya nne likatokea tetemeko dogo, la aina ambayo ng'ombe huinua vichwa na watu hawatambui. Kituo cha kwanza kilikuwa kimesoma mwendo wake kwa miezi: sehemu 17.6 kwa milioni. Mtandao uliporudi baada ya siku sita, tofauti ilikuwa sekunde 0.4. Bila namba ile ingekuwa zaidi ya sekunde tisa. Nikagawanya 0.4 kwa siku sita, nikachukua sehemu ya siku nne, nikaitoa, nikijua joto la mchana pale halimwachi kristali akae kwa mstari ulionyooka, na nikaandika wigo wa kosa pembeni.

Kituo cha pili kilikuwa kimezimika na kuwaka upya, faili imefutika, kikapata mtandao kwa dakika tano kabla ya bando kwisha. Dakika tano ni kelele tupu. Siku zake sita hazina saa.

Lakini tetemeko hutuma mawimbi mawili, ya haraka na ya polepole, na muda kati ya kufika kwake husomwa kwenye saa ile ile, ndani ya sekunde chache. Hata saa iliyopotea kabisa haiwezi kuharibika kiasi cha kuonekana katika sekunde tatu. Kituo cha pili hakiwezi kuniambia lini. Kinaweza kuniambia umbali: sekunde 3.1, mara kilomita nane na kidogo, ni kama kilomita 25. Nikachora duara lenye nusu kipenyo hicho, nikaliweka juu ya jibu la vile vituo vitatu. Linapita upande wa mashariki wa mlima, kwenye ufa. Kina bado nimekiachia mabano ya kilomita nne, na msimamizi wangu ameyazungushia kalamu nyekundu na kuandika: yabaki.